Tunapohamisha mitambo ya simu, tuipe na Kiswahili

Mhariri,

Ukurasa wenu wa teknolojia hutuletea habari za simu mpya za mkononi, bei zake na kamera zake, nami huusoma kila unapotoka. Leo naomba nafasi kwa ajili ya simu ya mezani, na hasa mtambo ulio nyuma yake, ule unaopokea simu inayoingia mapokezi na kuigawa vyumbani, ofisini au wodini. Hapa Lamu mitambo hiyo imeenea kuliko wengi wanavyodhani. Iko kwenye nyumba za wageni za Shela na Mkomani, iko shuleni, iko kwenye zahanati na kwenye ofisi za wenye boti. Kazi yangu ni kuifunga na kuitengeneza, na karibu kila ninaoufungua hukuta ndani yake programu ile ile: Asterisk.

Kwa asiyeijua, Asterisk ilianzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu huko Alabama, Marekani. Alikuwa na kampuni changa ya kuwahudumia watumiaji wa Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, akahitaji mtambo wa simu, bei za siku zile zikamshinda, akaamua kuuandika wake. Kisha akautoa bure pamoja na msimbo wake wote, yaani maandishi ya amri zinazouendesha, kwa leseni ya GPL inayomruhusu yeyote kuutumia, kuuchungulia ndani, kuubadilisha na kuugawa. Kampuni aliyoijenga, Digium, ilinunuliwa mwaka 2018 na Sangoma ya Kanada, lakini programu imebaki huria na kazi yake hufanyika mbele ya macho ya watu. Tangu mwaka 2023 msimbo, hitilafu zinazoripotiwa na mabadiliko yanayopendekezwa vyote viko GitHub, tovuti ambako watu huweka msimbo hadharani. Kijana wa Faza mwenye bando anaona yale yale anayoyaona mhandisi wa Alabama.

Kwa watu wa visiwani faida yake ni kubwa. Nyumba ya wageni yenye vyumba vichache haiwezi kulipia leseni ya kila simu mwaka baada ya mwaka. Kwa Asterisk, mwenye nyumba huchukua kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, au hata Raspberry Pi, kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, akapata foleni ya wapigaji, sanduku la ujumbe na simu za ndani zisizolipiwa. Mambo hayo zamani tuliyaona kwenye hoteli kubwa za Mombasa tu.

Sasa habari yenyewe. Kila Oktoba mradi hutoa toleo jipya. Matoleo ya namba shufwa, kama 18, 20 na 22, hutunzwa kwa muda mrefu: miaka 4 ya marekebisho ya kila aina, kisha mwaka 1 wa marekebisho ya usalama peke yake. Yale ya namba witiri hupewa mwaka 1 na mwaka 1, basi. Toleo la 21, lililotoka Oktoba 2023, liliondoa kabisa moduli, yaani kipande cha programu, iitwayo chan_sip. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiunganisha simu za mezani na Asterisk kwa miaka mingi. Faili yake, sip.conf, mafundi wa zamani wanaijua kwa moyo. Haikuondolewa kwa ghafla. Mrithi wake, PJSIP, alikuja na toleo la 12 mwaka 2013. Katika toleo la 17 ikatangazwa kwamba chan_sip inaelekea kustaafishwa, na katika la 19 na la 20 ilikuwa ingalimo, ila huipati mpaka uiombe mwenyewe wakati wa kujenga programu. Leo haimo. Toleo la 18, lililokuwa kimbilio la wengi, lilifika mwisho wake Oktoba 2025. La 20, ambalo ni la mwisho kati ya yale ya muda mrefu kuwa na chan_sip, linakoma kupata marekebisho ya kawaida Oktoba 2026 na ya usalama Oktoba 2027.

Tarehe hizo hazikufichwa. Zimetangazwa wazi, lakini zimetangazwa kwa Kiingereza cha mafundi, na mwenye mtambo hana habari nazo. Naye anaona simu inalia, mgeni anahudumiwa, kuna haja gani ya kuugusa?

Nimeona mwisho wa mambo hayo. Nyumba moja ya wageni kisiwani hapa, ambayo sitaitaja, ilikuwa na mtambo uliofungwa na fundi aliyekuja kutoka nje, akalipwa, akaondoka, na hakupatikana tena. Laini ya ndani 101 neno lake la siri lilikuwa 101. Laini 102 vivyo hivyo. Mlango wa 5060, ambao simu za aina hii hupitia, ulikuwa wazi kwa intaneti nzima. Wahalifu wana programu zinazozunguka usiku na mchana zikibisha mlango huo dunia nzima, wala hazihitaji kujua Lamu iko wapi. Usiku mmoja zikaingia, wakaanza kupiga simu nchi za mbali kupitia laini ya mama mwenye nyumba, kwenda kwenye namba zile za malipo ya juu ambazo mwenye namba hulipwa kwa kila dakika. Asubuhi salio limekwisha, laini imefungwa, na wageni waliotua wakisubiri boti ya kuwavusha wanapiga mapokezi hawapati jibu. Nilipofungua rekodi za mtambo nilikuta kurasa kwa kurasa za majaribio: 100, 101, 1000, admin, saa zote za usiku. Na toleo lililokuwemo lilikuwa limekwisha kuachwa na watunzaji wake siku nyingi.

Ni kweli, toleo jipya peke yake lisingemwokoa na neno la siri la 101. Lakini mtu anayefuatilia habari za matoleo ndiye huyo huyo anayebadilisha maneno ya siri na kufunga milango isiyohitajika. Mtambo usiotembelewa na mtu huharibika pande zote kwa pamoja. Huku kwetu hata waya hazisalimiki: chumvi ya bahari huzila shaba za plagi mpaka zikageuka kijani, na simu ikawa inakatikakatika bila sababu inayoonekana kwenye kompyuta.

Kwa hiyo mwenye mtambo amwulize fundi wake mambo mawili. Ni toleo gani? Amri fupi, asterisk -V, inajibu papo hapo. Na simu zinaingia kwa chan_sip au kwa PJSIP? Fundi asiyeweza kujibu hilo la pili atafutiwe wa kumsaidia.

Kuhama kutoka chan_sip kwenda PJSIP hakuogopeshi, ila kunataka mtu atulie. Kwenye sip.conf simu moja ilielezwa katika fungu moja. Kwenye pjsip.conf maelezo yale yale hugawanywa: fungu la endpoint lenye tabia za simu, fungu la auth lenye neno la siri, na fungu la aor linalosema simu hiyo inapatikana wapi. Ndani ya msimbo wa Asterisk kuna skripti, sip_to_pjsip.py, inayofanya sehemu kubwa ya kazi, lakini inachotoa lazima kisomwe mstari kwa mstari. Kisha kuna faili ya mpango wa kupiga, extensions.conf: kila palipoandikwa SIP/101 sharti paandikwe PJSIP/101, na aliyejenga mpango wake kwa Macro, amri ya zamani ya kuita hatua zinazojirudia, aujenge upya kwa Gosub, amri iliyochukua nafasi yake, maana Macro nayo iliondoka na toleo la 21. Jasho hilo lina malipo yake. Kwa PJSIP laini moja inaweza kusajiliwa kwenye simu zaidi ya moja, ikalia mezani mapokezi na papo hapo ikalia kwenye simu ya mkononi ya mlinzi aliye juu kwenye paa la makuti. Kwa chan_sip aliyejisajili mwisho alimfuta wa kwanza.

Na kwa kuwa faili zote hizo lazima zifunguliwe na kuandikwa upya, ndiyo maana nimeshika kalamu. Tukiwa tumekwisha kuzifungua, tuitie mitambo Kiswahili.

Asterisk huja na sauti zilizorekodiwa tayari. Za Kiingereza ni za Allison Smith, mama mmoja ambaye watu wa kila bara wamemsikia bila kumjua. Zipo za Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano, Kirusi, Kijapani, hata Kiswidi. Kiswahili hakimo. Nimekaa kwenye mapokezi ya zahanati moja ya visiwa hivi nikitazama skrini: simu inaingia, inakaa sekunde chache, inakatwa. Nyingine, vile vile. Wapigaji walikuwa watu wa vijijini, na wengi wao wazee. Wakisikia sauti ya Kizungu ikiwaambia wabonyeze moja au mbili, wanadhani wamekosea namba. Asiyekata tamaa hupanda mashua aje aulize kwa mdomo kama siku ya kliniki ya watoto imebadilika. Nauli ile na siku ile vimepotea kwa sababu ya faili chache za sauti ambazo hakuna aliyezirekodi.

Kuanza ni rahisi. Unaiambia Asterisk kwamba lugha ya simu hii ni sw, unatengeneza folda ya sw kwenye sauti, unaanza kuijaza. Faili isiyokuwemo, mtambo unakwenda kuichukua kwenye Kiingereza, na hapo ndipo wengi huishia: mpigaji anasikia nusu Kiswahili nusu Kiingereza katika sentensi moja, na hiyo ni mbaya kuliko Kiingereza kitupu.

Kazi kubwa iko kwenye hesabu. Programu husema namba kwa kuunganisha vipande, na vipande vyake vimepangwa kwa lugha za wenyewe. Kwa Kiingereza namba 255 hutajwa kwa kuanza na mbili, kisha mia, kisha hamsini, kisha tano. Sisi tunaanza na mia, ndipo mbili, ndipo hamsini, halafu lazima iwepo "na", ndipo tano. Elfu nayo hutangulia. Bahati nzuri kuna faili ya say.conf ambamo unaweza kuandika kanuni za lugha yako bila kugusa msimbo, na kanuni za Kiswahili zinaingia humo vizuri kabisa. Ni safi kuliko za Kifaransa chenye themanini yake ya "ishirini nne".

Halafu kuna ngeli. Asterisk inajua kwamba lugha nyingine zina kike na kiume, na imeacha nafasi kwa hilo. Haijui kwamba kwetu simu ni mbili lakini watu ni wawili, na kwamba wa nne si wanne. Mtambo unaosema "watu mbili wako mbele yako" unamfanya mpigaji aone anazungumza na kitu kisichomheshimu. Nilichofanya ni kurekodi seti ya pili ya namba za watu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, wanane. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, hizo zinatumika kote. Na seti ya tatu kwa nafasi ya mtu kwenye foleni: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna njia ya mkato.

Saa ilinichukua muda zaidi. Mtambo unahesabu kutoka usiku wa manane, sisi tunahesabu kutoka macheo na machweo. Dawa yake ni kutoa sekunde 21,600, yaani saa sita kamili, kwenye wakati kabla haujasomwa: 14:00 inasomwa nane, 7:00 inasomwa moja. Neno linalofuata, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, huchaguliwa kwa wakati wa kweli, kabla ya kutoa. Na siku vile vile. Ujumbe ulioachwa Ijumaa saa tisa za usiku, ukitaja siku baada ya kutoa zile sekunde, mtambo utasema Alhamisi. Kisha kuna la kwetu zaidi: mzee wa Lamu akisema usiku wa Ijumaa anakusudia usiku ule unaoingia Alhamisi jua likitua. Nililifikiria sana hili. Nimeamua mtambo utaje siku kama kalenda ya ofisi inavyotaja, useme "Alhamisi saa mbili usiku", kwa sababu zahanati na shule hufuata kalenda hiyo, na mgonjwa aliyekosea siku ya miadi haponi kwa ajili ya uzuri wa desturi. Wenye msikiti au madrasa wanaweza kuliamua vingine, na kanuni ni yao kubadilisha.

Kuna mstari mmoja kwenye mpango wa kupiga ambao kila niufungapo mtambo huuandika. Ukiwa Ijumaa, kati ya 12:00 na 14:00, simu isiache kulia bure: iende kwenye sauti inayosema tumekwenda kuswali, tutarudi saa nane. Amri ya GotoIfTime inatosha. Na mwezi wa Ramadhani saa za kazi ziwe na faili yake peke yake, ili mtu wa mapokezi aibadilishe bila kumwita fundi.

Kuhusu sauti yenyewe, nilimwomba shangazi yangu, mwalimu mstaafu, na akakubali kwa moyo mkunjufu. Tulirekodi kwenye chumba cha ndani cha nyumba yao ya kale, chenye kuta nene za mawe na chokaa, baada ya swala ya isha, punda wakiwa wametulia. Hata hivyo kulikuwa na tatizo ambalo hakuna ukuta unaolizuia. Laini ya kawaida ya simu hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na mvumo wa "s" kwa sehemu kubwa uko juu ya hapo. Sita, saba na tisa zikipita kwenye laini mbovu hufifia. Shangazi alizisoma tena na tena, akizikaza irabu, akiacha nafasi kabla ya kila moja, mpaka tulipoziteremsha hadi sampuli 8,000 kwa sekunde zikawa zinasikika bila shaka hata kwenye simu ya kitochi. Ninapendekeza kila atakayerekodi azijaribu faili zake kwa laini ya simu halisi. Spika za kompyuta hudanganya.

Wapo walioniuliza kwa nini sikurekodi kwa Kiamu, lahaja yetu ya Lamu. Mimi ni Mwamu na nakipenda. Lakini faili hizi zikitoka zitatumika Dodoma, Bukavu na Kigoma, na mtambo wa simu ni wa kumwelekeza mtu mgeni asiyejua aliko. Kiswahili sanifu, kwa matamshi ya mwambao, ndicho kitakachofika mbali. Nyumba ya wageni inayotaka kuwakaribisha watu kwa Kiamu ina nafasi ya kurekodi salamu yake.

Kwa hiyo, Mhariri, nakuomba uchapishe tarehe hizi mbili mahali zitakapoonekana, Oktoba 2026 na Oktoba 2027, na kila Oktoba utuletee habari ya toleo jipya hata kwa aya moja. Wanaotoa tenda za mitambo ya simu, kuanzia kaunti hadi kamati za shule, waandike ndani ya mkataba ni toleo gani litakalofungwa, nani atalihuisha na kwa muda gani, na kwamba maneno ya siri yatakabidhiwa kwa mwenye mtambo siku ya mwisho ya kazi. Kufunga leo toleo la 18 na kulipwa kama limefungwa jipya ni dhuluma kwa mteja, nami sioni neno la upole la kuliitia. Toleo la 22 lipo, nalo litatunzwa kwa usalama mpaka Oktoba 2029.

Na vijana wanaosoma kompyuta kwenye vyuo vya ufundi vya pwani nawaambia kwamba mradi huu una nafasi yao. Mwaka 2025 uliongezewa moduli ya kupitisha sauti ya simu kwa WebSocket, njia ya programu mbili kuwasiliana moja kwa moja mtandaoni, na kwa njia hiyo mtambo unaweza kuzungumza na programu za kutambua usemi. Atakayetaka siku moja bibi wa Kizingitini aseme "nataka kliniki" na simu ijiunganishe yenyewe, msingi wake ni huo.

Faili zetu ziko tayari kwa namba, saa, siku za wiki, foleni na sanduku la ujumbe. Bado miezi, shilingi na senti, na maelekezo ya mikutano ya simu. Pia tunatafuta sauti ya mwanamume, maana baadhi ya wateja wameiomba. Tutaziachia zote bure, pamoja na kanuni za say.conf, kama sisi tulivyopewa programu bure. Anayezihitaji kabla hazijakamilika aje na flashi diski; watu wa Langoni watamwonyesha kwa fundi wa simu.

Fundi wa simu,
Langoni, Lamu